Nimekifuta Kicheko cha Mke Mwenzangu

…basi nilimkubali, mpendwa mshauri, yule yule mpiga picha niliyekuandikia habari zake, nawe ukasema nimtazame kwanza anavyowasubiri watu wasiojua kutabasamu. Nimemtazama, anasubiri kama mtu asiye na saa, na sasa ni wiki ya sita ya ndoa na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka, lakini leo naomba msaada.

Studio yetu ni chumba kimoja chenye pazia jeupe, na kamera imeunganishwa na kompyuta kwa waya mrefu, yeye akibonyeza kule, kwangu picha inaibuka taratibu, kwanza ukungu, halafu uso, kama mtu anayeamka usingizini, nami namwambia, “Hiyo hapo, mpenzi!” na siku inapita hivyo, sisi wawili na waya wetu.

Wiki iliyopita alikuja bibi yake aliyemlea, ambaye kwa sababu ya mapengo hajacheka mbele ya kamera tangu ujana wake. Mimi ananiita mke mwenzake. Alikaa, akanikazia macho, akasema, “Mke mwenzangu, nikicheka leo nakunyang’anya mume,” halafu akajichekesha mwenyewe mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, na picha ile ilipoibuka mume wangu aliweka kamera chini akalia.

Siku mbili baadaye alitoka kununua taa, nami nikataka kumshtua kwa kuweka picha zetu za harusi, kompyuta ikasema imejaa, nikafuta folda ya bibi na pipa la taka nikalimwaga, nikijua nakala zimo kwenye kadi ya kamera, kwani si kamera ndiyo iliyopiga? Nilipofungua kijumba cha kadi nilikuta kitupu. Kumbe studio huwa haweki kadi. Picha hupita kwenye waya zikaingia kompyuta, basi, hazina kwingine. Nikazima kila kitu. Nikamwambia kompyuta inaumwa, nikaificha kabatini chini ya mashuka, naye akanibusu akanipa pole! Na kila asubuhi bibi anapiga simu: “Mke mwenzangu, mume umechukua, na picha yangu pia?” Mshauri, nikisema ukweli, atanitazama tena kama anavyonitazama sasa?

Bibi harusi wa wiki sita

*

Bibi harusi, hongera, na pole. Pangusa machozi, hayo ndiyo pekee unayoruhusiwa kufuta wiki hii.

Kuizima kompyuta ulifanya la maana, hata kama ni hofu iliyokutuma. Usiiwashe, usiongeze humo hata picha moja. Kilichofutwa huenda bado kimo mpaka kitu kingine kikikalie, na fundi anayeijua kazi hiyo anaweza kukitoa. Anaweza pia kushindwa; sikuahidi. Lakini chini ya mashuka hakuna fundi.

Mwambie mumeo leo, kabla ya chai. Usianze na “usinikasirikie,” anza na “nimefuta.” Akinuna, mwache anune. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na kosa lako kubwa si kubonyeza kitufe, ni kuipokea ile pole na busu juu yake.

Naye nina neno lake, msomee: Baba, fundi mzima, kicheko cha bibi yako unakiweka mahali pamoja tu? Kadi ni ndogo kama ukucha. Itie kwenye kamera, uipange ihifadhi huku na kompyuta ihifadhi kule. Kazi ikiisha, nakili kwenye diski mbili. Moja ibaki studio, nyingine ikae kwa mama mkwe. Na asifute mtu chochote mpaka nyote wawili mmezifungua picha kwenye diski zote mbili mkaziona kwa macho.

Bibi mpigie wewe mwenyewe. “Mke mwenzangu, nimekuharibia.” Atakutania mpaka ukose pa kuficha uso, vumilia, ndiyo adhabu yako. Fundi akishindwa, mkalishe tena mbele ya pazia. Kicheko kile hakitarudi, usijidanganye. Kitakuja kingine, cha mtu aliyekwisha kukusamehe, na hicho nacho kina mwanga wake.

Harusini ulinialika sikuja. Kabla mwezi haujaisha nitafika hapo studio, nimwone huyo bibi kwa macho yangu. Waya mniondolee njiani nisijikwae, na nikifungua kijumba cha kadi, nisikikute kitupu.