Kisu cha Kisogoni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wiki ya tatu hapa machinjioni. Harufu imehamia kwenye nywele. Nimeziosha mara mbili kwa sabuni ya unga — wapi! Mama mwenye nyumba wangu pale Miyuji kanipa chai huku kageuza uso. Simlaumu. Hata mimi nikijinusa nachukia.

Sikukuu ya Nanenane ni Ijumaa. Mji umejaa wageni, kila mtu anataka nyama. Bi Angelina, mwenye machinjio, kasema tutatoka kwenye ng'ombe kumi na wawili kwa siku hadi ishirini. Watu walewale, kamba zilezile zilizooza. Nikauliza itawezekanaje. Akasema Octavian, anayewaangusha ng'ombe, anajua namna, wewe dokta kagua nyama ugonge muhuri. Akanikumbusha kwamba majaribio yangu ya kazi bado miezi miwili. Hakuwa na haja ya kunikumbusha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetapika. Mkaguzi wa nyama mzima, nimetapika nyuma ya tangi la maji!

Siku zote naingia ng'ombe wameshachunwa. Leo nimewahi. Nikamwona Octavian anamwendea dume taratibu, anamkuna shingo, kumbe mkononi ana kisu kifupi. Akakizamisha kisogoni, pale fuvu linapokutana na pingili ya kwanza. Dume akaanguka palepale, miguu yote minne. Hakuna kamba, hakuna kelele. Octavian akanigeukia kwa majivuno: huyo ameshakufa, dokta, hajui kitu.

Hajui kitu! Niliinama nikamgusa jicho kwa kidole. Likafumba. Nikagusa tena. Likafumba. Masikio yanacheza. Pua zinapanuka, zinatafuta hewa, na kifua hakiinuki hata kidogo.

Chuoni niliyakariri haya kwa ajili ya mtihani tu. Shina la ubongo limekaa ndani ya fuvu. Ndilo linaloamuru pumzi na kuongoza mapigo ya moyo, na mishipa ya fahamu ya kufumba jicho, ya pua, ya ulimi, inaanzia hukohuko. Uti wa mgongo ni ule uzi mweupe, laini, unaoshuka ndani ya pingili: unapeleka amri mwilini na kurudisha maumivu juu. Octavian anakata uzi. Shina linabaki zima. Linakiamuru kifua kivute hewa, na amri inaishia kwenye kisu. Ng'ombe hajafa! Amefungiwa ndani ya kichwa chake, anatuona, anakosa pumzi. Uchafu gani huu!

Ndipo wakaenda kumwita Mzee Hamidi, mchinjaji wetu. Hukaa nje kwenye benchi na kahawa yake, macho yana mtoto wa jicho, anaogopa kusukumwa na ng'ombe. Akaingia, akamminya ng'ombe mguu, akapapasa koo, bismillahi, akachinja. Anaamini tunawaangusha kwa kamba.

Na mimi nikagonga muhuri. Ishirini.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia Octavian aache. Kacheka. Eti anafanya hivyo tangu Mei, tangu dume moja lilipomvunja mwenzake mbavu. Bi Angelina naye kasema mzee asiambiwe, atatusumbua.

Ishirini na wawili. Sijala kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nilidhamiria kumwambia. Nikakaa naye kwenye benchi. Shikamoo mzee. Marahaba, mwanangu. Kanimiminia kahawa. Kasema ana miaka thelathini na moja kwenye kazi hii. Watu wa msikitini kwao wakisikia kachinja Hamidi, hawaulizi la pili.

Nikamuuliza anajuaje kwamba ng'ombe yu mzima kabla hajamchinja. Kasema: naminya mguu. Ukirusha teke, yu mzima, hana kasoro.

Mguu! Uti ukishakatwa mguu bado unarusha ukiuminya. Uti unafanya wenyewe, hauulizi ubongo. Mguu ule haumwambii mzee chochote, na miezi mitatu sasa anauamini.

Nikanywa kahawa yake. Nikasema ahsante. Nikaingia ndani nikagonga muhuri. Nafsi yangu inanitia kinyaa kuliko matumbo yote niliyoyapasua wiki hii.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika ofisini, damu iko kwenye kucha.

Mzee kaingia kabla hajaitwa, alitaka tumalize mapema aiwahi swala ya Ijumaa. Octavian alikuwa ndiyo kwanza amechoma. Mzee akainama kupapasa koo, mkono ukafika kisogoni. Akauinua karibu na macho. "Damu hii ya nini? Mimi sijachinja."

Hata wachunaji wakaacha kunoa visu.

Nikamshika kidole nikakiweka kwenye jicho la ng'ombe. Likafumba chini ya kidole chake. Akaurudisha mkono haraka kama aliyeungua.

"Yu hai?"

"Yu hai, mzee. Anatusikia. Hawezi kuvuta pumzi tu."

Akaweka kisu sakafuni. "Aliyechomwa kwanza mimi simchinji." Octavian akatoka nje na simu. Na yule ng'ombe — pua zile, zinapanuka, zinapanuka! Nikaokota kisu nikakata mwenyewe. Mara ya kwanza sikufika kwenye mshipa. Mungu anisamehe, mara ya kwanza sikufika.

Ananing'inia pale bila muhuri. Wenye mabucha wanapiga honi getini. Bi Angelina kapiga simu mara nne, sijapokea.

Mzee alinawa, akaja akasimama mlangoni kwangu. "Wewe umejua lini, mwanangu?"

"Leo, mzee. Leo hii."

Akanishika bega. Baada ya swala atasimama awaeleze watu, ya miezi mitatu yote. Anataka nami niwe pale nje ya msikiti, nithibitishe, kwa kuwa nimesoma. Nimekubali. Sasa yuko kwenye benchi na kanzu yake safi, ananingoja. Namsikia anamwambia Octavian kwamba humu ndani mtu ambaye hakumficha ni huyu binti peke yake.