Chai Niliyompa Baba Kabla ya Kupimwa

Zamzam, shoga yangu, nilikwenda kupima sukari hapa Mchafukoge, nimerudishwa sasa hivi.

Binti wa maabara kaniuliza, "Mama, umekula chochote asubuhi hii?" Nikamwambia chai tu. Akaweka sindano chini. "Basi rudi kesho na njaa. Chai ya sukari inapandisha majibu, tutakupa ugonjwa usio wako."

Ugonjwa usio wako! Kasema hivyo hivyo, Zamzam.

Unakumbuka baba yangu, mzee Pantaleo, alivyokufa mwaka sabini na nne? Daktari alimwambia aende kupimwa sukari bila kula. Asubuhi ile nikamwonea huruma. Sukari ilikuwa ya foleni, nami nilikuwa nimepanga foleni Kariakoo tangu alfajiri ya jana yake nikaipata. Nikamkorogea vijiko vinne. Akanywa yote, tukaenda, wakasema ana kisukari.

Wakampa vidonge vya kushusha sukari. Akawa anatokwa jasho, anatetemeka, anasahau majina yetu. Wiki ya tatu hakuamka.

Ile chai sikumwambia mtu. Vijiko vinne, Zamzam!

Nimempigia dada Angelina pale pale kwenye benchi, nikamweleza yote.

Akasema, "Najua. Baba aliniambia siku ile ile. Alisema tusimwambie daktari, utagombezwa."