Soketi ya Bi Sindano

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Naomba unisikilize kabla hujanigombeza, maana moyo umenijaa na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, na kazi yangu ni fundi umeme. Ghorofa tunayokaa ina vyumba vitano vinavyotumia jiko moja, na humo jikoni kulikuwa na soketi moja tu, juu ya meza ya zege, kila asubuhi tunaipangia foleni. Jirani yangu ni mshonaji mstaafu, tunamwita Bi Sindano, na huyu mama ndiye aliyenilelea mwanangu miaka mitatu nilipokuwa nasomea ufundi, anambeba mgongoni huku anashona, sasa magoti yamemchoka hawezi kupika amesimama, basi siku nilipopata cheti nikasema kazi yangu ya kwanza itakuwa yake, nikamfungia soketi chini kabisa, ubavuni mwa sinki, ili apike amekaa kwenye kigoda, na kwa haraka ya kumfurahisha nikavuta waya mwembamba kutoka kwenye taa, waya wa ardhini, ule wa kuzuia shoti, sikuweka, nikajiambia nitarudi kurekebisha, sikurudi, mwaka wa pili huu.

Alivyofurahi, Shangazi! Kila mgeni wake lazima apelekwe jikoni akaonyeshwe alichofungiwa na mwanawe.

Jumapili nilimkuta anazungusha kitambaa mkononi kabla ya kugusa jiko lake la umeme. Nikamuuliza kulikoni. Akaficha mkono, kisha akacheka. "Linanitekenya kidogo tu, mwanangu. Nilijua ukisikia utajisikia vibaya."

Kumbe mama wa watu anapigwa shoti na kunyamaza kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo navizia aende kliniki niing'oe ile soketi, nije nimwambie imeungua yenyewe, lakini haendi, na nikisema ukweli nitamvunjia furaha yake, na majirani wanaonipa kazi watauliza huyu ni fundi gani. Nifanye nini?

Fundi wa Ghorofani

Marahaba, mwanangu. Kwanza weka gazeti chini, nenda kazime swichi kubwa, ukaichomoe plagi ya jiko la huyo mama. Nakusubiri.

Umerudi? Sasa nikugombeze. Wewe una cheti. Mimi ambaye hata balbu nabadilishiwa najua kwamba soketi haikai ubavuni mwa sinki. Unaogopa majirani watasema nini; je, siku wakimkuta kalala sakafuni watasema nini? Tangu Jumapili wewe unavizia kliniki, na yeye anaendelea kupika. Hapo umenikera, sikufichi.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na machozi yamenilengalenga. Ulitaka mama aliyekubebea mwanao apumzishe magoti. Basi mtafutie kiti kirefu chenye mgongo, apande yeye kuifikia soketi, si soketi imshukie yeye. Hiyo mpya iwe juu ya meza, mbali na bomba kiasi kwamba aliyeshika koki hawezi kuigusa. Iwe na waya wake wenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, na wa ardhini, na kile kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja. Jiko lake nalo lifunguliwe litazamwe. Mwambie mwenye nyumba, na mwombe fundi aliyekufundisha aje akague, hata kama atakusema. Mpaka hapo chakula cha Bi Sindano unapika wewe, unampelekea chumbani kikiwa cha moto.

Na habari ya kuvizia iache. Iondoe yeye akiwa hapohapo anakuangalia. Kaa chini, usawa wake, umwambie, "Mama, nilikosea, na ningekuua." Atakuambia si kitu, ndivyo alivyo. Usikubali. Muda wote huo amevumilia kuumia ili wewe usione haya. Leo ona haya wewe, ili yeye asiumie.