Utani Wangu wa Mwaloni na Usingizi Wako

Elias Odongo,
S.L.P. 40,
Magu, Mwanza.
17 Agosti 1997

Mpendwa mpwa wangu Oyoo,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hali yako vipi huko Nairobi? Hiyo mashine ya kuosha damu bado unailalia mara tatu kwa wiki? Akinyi mkeo hajambo? Sisi huku wazima. Mke wangu Rose anasumbuliwa na goti tu. Mimi bado nina nguvu zangu, mwezi uliopita nilivuta sangara mkubwa kuliko mtendaji wetu wa kijiji. Wewe punguza nusu, bado ni mkubwa.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa elimu yangu ileile ya ngumbaro, ya kusoma ukubwani. Herufi zikilala, zivumilie. Ningemwambia mtu aniandikie, ila haya mambo nimeshayasema kwa mdomo mara mbili na sina nguvu ya mara ya tatu.

Uliuliza kama dada yako Amondi anakuchukia, maana alikubali kukupa figo halafu kimya. Hakuchukii. Mumewe Nkwabi ndiye alimkatalia. Na aliyemfanya Nkwabi akatae ni mimi.

Unakumbuka mwezi wa nne ulipokuja kumzika mama yako, dada yangu Aluoch. Ulikaa siku mbili tu ili uwahi mashine. Siku zote mbili usiku hukulala. Nilikuona: unakaa, unasimama, unajikanda miguu, unazunguka nyumba mpaka jogoo. Sikukuuliza. Mtu mwenye akili zake angeuliza.

Ulivyoondoka nikaenda mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki. Wavuvi wanangoja gari la barafu la kiwanda, hawana la kufanya, na mimi unanijua, nikiona watu wamekaa bure mdomo unaniwasha. Nikawaambia mpwa wangu wa Nairobi ni jajuok, yule mchawi anayekimbia usiku. Wakacheka. Nilipoona wanacheka nikaongeza: eti nilikuona huna nguo, unarusha mchanga kwenye bati la jirani. Wakacheka mpaka Shimba, yule mwenye mitumbwi miwili, akamwaga chai. Oyoo, siku ile nilijiona bingwa.

Kina mama wa samaki wakalibeba neno hilo hadi Kisesa kwa Nkwabi, na huko halikufika kama utani. Yeye ni Msukuma, jajuok hamjui kwa jina, ila uchawi ni uchawi. Akasema mke wake hampi mchawi kiungo cha mwili. Tena akaanza kumwangalia vibaya na Amondi mwenyewe, maana watu husema hayo mambo ni ya ukoo. Miezi miwili dada yako analala na watoto. Hakuniambia kitu. Kila nikienda ananipikia, nakula, nashiba, naaga.

Ndipo ikaja barua yako. Umeandika kwamba wengi wanaooshwa damu hawalali, miguu inawatambaa kama ina sisimizi, na kwamba mwili una kitu chake cha kuuambia usiku umeingia, na kwako hicho kitu kimepungua, ndiyo maana daktari anakujaribishia vidonge vyake, melatonini. Jina hilo nimelisoma siku nzima. Halafu nikafika pale uliposema kule msibani ulitoka nje ili usituamshe. Hapo karatasi nikaiweka chini.

Nikaenda Kisesa, ndipo Amondi akanieleza yote hayo. Nkwabi akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Baba, ulitania siku ile au unatania leo?" Miaka sitini na nane nawapiga watu fiksi, siku ya kusema kweli sina hata shahidi. Akasema nikayaseme kulekule mwaloni, mbele ya walewale, naye atakuwepo.

Jumatano nikasimama. Wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nikasema nilidanganya. Mpwa wangu anaumwa figo, hakuvua nguo wala hakurusha mchanga, alikuwa anatafuta usingizi. Wakangoja.

"Haya, malizia," Shimba akasema.

"Nimeshamaliza."

Hakuna aliyecheka. Bora wangenizomea. Nkwabi akapanda baiskeli yake akaondoka bila kuaga. Tangu hapo mwaloni sijakanyaga. Samaki anawafuata Rose, na goti lake hilohilo.

Jana Nkwabi amekuja. Hakukaa hata kwenye kigoda. Amesema kesho kutwa anampeleka Amondi stendi mwenyewe. Kwa hiyo barua hii sikuitia posta, aliyekukabidhi ndiye dada yako. Anakuja kupimwa kama figo yake inakufaa.

Rose anakusalimu sana, na mzee Venant jirani yetu, na Bernadeta wa kwa mama yako. Msalimie Akinyi. Mungu akujalie usiku wa kulala kama watu wengine. Msamaha sikuombi kwenye karatasi. Figo ikifaa, nitamshukuru Mungu. Isipofaa, basi angalau isiwe kwa sababu ya mdomo wangu.

Mjomba wako anayekupenda na kukuonea haya,
Elias Odongo