Jina la Mama Otis

Jumanne jioni

Aibu ya leo sijui nitaiweka wapi.

Ijumaa nalazwa, nafanyiwa upasuaji, na mkataba wetu wa kuosha ngazi za fleti za Nyayo Highrise unaisha wiki hiyo hiyo. Kwa hivyo nimeenda kwa wakili anitengenezee hati ya uwakilishi, ili Mama Otis, mwenzangu wa biashara, asaini mambo yote kwa niaba yangu. Mkataba, benki, kuandika wasichana kazi, kila kitu.

Wakili akashika kalamu. "Jina lake kamili?"

"Mama Otis."

Akaniangalia tu. "Mama, lile la kitambulisho."

Miaka tisa tumebeba ndoo pamoja kutoka mtaani kwetu Gatwekera. Ndiye alinishika mkono tukimzika mume wangu, Baba Vivi. Najua goti gani linamsumbua mvua ikinyesha. Lakini jina? Hata kwa simu yangu ni Mama Otis.

Nikatoka nje nikampigia. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa.

"Rosebella Anyango. Waambie waandike vizuri."

Halafu akaniuliza, "Na wewe, Mama Vivi? Nikifika huko wodi nitaulizia nani?"

Swali la maana, na mimi sikuwa nimelifikiria.

"Josephine," nikamwambia. "Josephine Kageha."

Akalirudia polepole, mara mbili, asije akalisahau. Siku zote hizi nimekuwa nikiwaambia watu ni upasuaji mdogo tu. Kumsikia akilikariri jina langu hivyo, ndipo nikaanza kuogopa.