Benki Imeomba Picha Yako

Mama,

Shikamoo. Hata huko uliko siwezi kuanza bila kukuamkia.

Jumamosi moja, miezi michache iliyopita, benki walikuja nyumbani kwangu Butimba. Ndiyo, ile ile. Gari jeupe lilisimama uchochoroni mpaka watoto wakaacha mpira, akashuka kijana mwenye tai, kamera shingoni. Akajitambulisha kuwa ni ofisa masoko. Nikamtazama viatu, nikajiuliza ni soko gani huyu amewahi kukanyaga. Akasema wanaandika kitabu cha historia ya benki, na wanaomba picha yako waiweke kwenye jalada. "Marehemu alikuwa mteja wetu wa mfano, dada."

Mteja wa mfano! Ulipougua hawakuja. Tulipokuzika hawakuja.

Nikampa kiti, nikamwomba anisomee hiyo historia. Akasoma. Eti benki ilizaliwa kutokana na maono ya waheshimiwa waliotambua fursa za soko huria katika Kanda ya Ziwa. Nilicheka mpaka akaacha kusoma.

Maono gani, Mama? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa likizo, nakusaidia kuanika dagaa mwaloni Kirumba, pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki. Serikali ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusu watu binafsi kufungua benki, na benki yao nzima ilikuwa chumba kimoja Nyamagana, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Meneja akaja mwaloni na kipaza sauti. Alihubiri juani, hakuna aliyeinua kichwa. Akasogea karibu, akakanyaga dagaa wetu na viatu. Ukamwambia, "Baba, vua viatu kwanza. Hicho ni chakula cha watu." Akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka, kidole kinachungulia. Wenzako walicheka, wewe ukamwonea huruma. Nadhani ndiyo maana ulimsikiliza.

Na sababu ulikuwa nayo. Mama Ghati, jirani yako wa pale mwaloni, alikuwa ameunguliwa nyumba, na akiba yake yote iliyokuwa kwenye kopo chini ya kitanda ikaungua nayo. Ukawaambia wanawake, "Natangulia mimi. Nikiumia mtaniona." Wakakufuata mmoja mmoja, halafu kundi zima. Hayo ndiyo yalikuwa maono. Akiba za wanawake wa dagaa ndizo zilizowafungulia mlango kila asubuhi.

Halafu viwanda vya minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa, matajiri wakaja na magari yao, benki ikahamia jengo la vioo lenye zulia. Meneja akaota kitambi, na masikio yakaziba. Likabandikwa tangazo mlangoni: wateja wa mwaloni watumie dirisha la nyuma. Nyuma yenyewe wapi? Pembeni ya choo, pasipo hata paa. Ulisimama pale kwenye mvua, kitenge kimekugandia mwilini, unasubiri fedha yako mwenyewe kana kwamba umekwenda kuomba.

Siku uliyokwenda kumwona Meneja nilikusindikiza. Hakuinuka hata kwenye kiti, mtu yule aliyekuwa akikuamkia. Akasema, "Mama, usichukulie vibaya. Ni harufu tu. Wateja wengine wanalalamika." Sijawahi kukuona umeinamisha kichwa vile. Ulikuwa umeomba mkopo wa mashine ya boti na ombi lako lilikuwa mezani kwake. Nikadhani umejishusha kwa ajili hiyo, na nikakuonea aibu kidogo. Ukasema tu, "Sawa, baba. Nimesikia."

Jumatatu ukawachukua wanawake wa mwaloni, wote na nguo zao za kazi, mkapita mlango wa mbele. Mkakaa kwenye viti vya matajiri. Waliokosa viti wakakaa kwenye zulia. Kila mmoja anafunga akaunti. Meneja akatoka mbio. Akaamkia kila mtu, hata Mama Ghati ambaye ni mdogo kwake. Akaagiza soda. Mkanywa soda zake, mkarudisha chupa, mkachukua kilicho chenu mkaondoka. Mkopo wa mashine ukafa siku hiyo hiyo, na ulijua utakufa. Jioni ulilia, Mama. Uliniambia ni moshi wa jikoni, na moto tulikuwa hatujawasha.

Haya yote nilimwambia yule kijana. Akaangalia saa. "Dada, historia ya benki haiwezi kuwa na mambo ya madirisha." Nikamwambia basi haitakuwa na sura ya mama yangu. Akaanza kuniahidi zawadi. Nikamwuliza kwa nini wanakutaka kiasi hicho, na hapo akashusha sauti: benki za kigeni zimefungua matawi mjini, matajiri wa minofu wamehamia huko bila hata kuaga. Sasa wanataka wanawake wa mwaloni warudi. Kumbe tuliokuwa tunanuka, leo tunanukia!

Nikamfungulia mlango.

Kitabu kimetoka bila wewe. Walimvika katibu muhtasi wa Meneja kitenge kipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana, wakampa ungo wa dagaa wa kuazima, wakampiga picha ufukweni na kucha zake nyekundu. Wakakigawa bure mwaloni. Mama Ghati alikitazama sana, akasema, "Huyu anashika dagaa kama ameshikishwa mtoto wa mwenzie aliyejikojolea." Kazi ilisimama kwa kicheko. Hakuna aliyerudi benki. Wameanzisha chama chao cha kuweka na kukopa, na mwenyekiti ni Mama Ghati.

Nilitoka pale nacheka peke yangu njiani. Nikakata kona kuja chumbani kwako kukusimulia, nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka. Siku hizi anakaa mpangaji, fundi cherehani, mtu mpole. Alinikaribisha ndani. Sikuweza, Mama. Nilisimama tu. Akanionea huruma akazima redio.

Nakuahidi hili. Mvua zikikatika nitavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, nije huko kijijini tulikokuzika kukujengea kaburi. Mjomba ameshatafuta mawe na mchanga. Juu yake litaandikwa jina lako tu, lile alilokupa bibi. Wenzako wamesema watavuka nami. Hata Mama Ghati, ambaye miaka yote hii anauza dagaa lakini hajawahi kupanda kivuko kwa kuogopa maji. Amesema atafumba macho mpaka ng'ambo, mradi nimshike mkono.

Lala, Mama. Tunakuja.

Mwanao,
Nyanzala