Mkono Niliouvuta

Nenet, uko? Shoga, nimeharibu.

Mwanangu Joven kamleta mchumba wake, Analyn, pamoja na wazazi wa binti. Mimi nimekaa tu kitini kama malkia. Ningeinukaje na miguu imevimba hivi?

Binti kaleta keki ya bibingka, kaoka mwenyewe, sukari inang'aa juu. Nikasema sili. Asubuhi kipimo cha sukari kilisoma mia tatu na kumi, ningekula nini? Mama yake akaitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

Halafu Analyn akainama auchukue mkono wangu auweke kwenye paji la uso wake, aombe baraka. Akaushika palepale kwenye viungo vinavyoniuma.

Nikauvuta. Nenet, niliuvuta kama nimeshika kaa la moto. Mtoto wa watu akabaki kainama, paji tupu, wazazi wake wanaona.

Joven akaninong'oneza, "Mama, kama humtaki si ungesema tu."

Najua utasema ningewaambia ukweli. Waseme namtaka binti yao aje kuniuguza kisukari changu? Hata Joven mwenyewe hajui.

Sasa Analyn kajifungia chumbani analia. Wazazi wake wako sebuleni, wameshavaa viatu.

Nimejikokota hadi mlangoni kwake nimwambie yeye peke yake. Nikiita, sebule nzima itasikia. Nakuandikia kwa kidole gumba, ndicho pekee kinachonitii.

Dakika kumi nimesimama hapa, Nenet. Mkono haukunji ngumi. Siwezi hata kugonga mlango.